Makadamia za Mbwa Wangu

Nilipohama Majengo, Meru, kwenda kuchuma kahawa Manyatta, mbwa wangu alikuwa mnene kama pipa. Majengo wenye bucha walimrushia mafuta kila alipopita, na singeweza kugombana na mtaa mzima. Shule niliiacha mapema, lakini kuuliza sikuacha. Nilimuuliza daktari wa mifugo mjini Embu hadi akachoka: nimpe nyama isiyo na mafuta, malenge, karoti, wali kidogo. Chumvi na vitunguu, hapana.

Mwenye shamba, mjane aliyenipa chumba karibu na zizi, alinikuta nikimenya karoti.

“Hizo ni za nani?”

“Za mbwa, Mama.”

“Woi! Nimezaa watoto wote hawa na hakuna aliyewahi kunimenyea karoti.”

Baada ya muda mbwa akapata kiuno. Halafu asubuhi moja akashindwa kusimama. Miguu ya nyuma ilikuwa imelegea, akajivuta kwa ile ya mbele hadi mlangoni kwangu. Nikajua amewekewa sumu. Nilizunguka boma nikitafuta, na katika sahani yake nikakuta vipande vyeupe vya makadamia, zile njugu za mafuta zinazochumwa mitini.

“Nilimpa mimi,” Mama alisema bila wasiwasi. “Amekonda. Na hizo si takataka, wazungu wanazifuata hadi hapa shambani. Kitu kinachopandishwa ndege kitamdhuru mbwa?”

Nilimpigia daktari. Alisema makadamia ni mbaya kwa mbwa. Nimpe maji na nimwangalie. Niliporudi na maji nikamkuta Mama amechuchumaa, anamlisha makadamia nyingine kiganjani.

“Mama!”

“Si ni mgonjwa? Mgonjwa nimpe maji matupu?”

Kesho yake mbwa alisimama, akayumba, akaenda moja kwa moja kwa Mama.

“Umeona?” akaniambia. “Zimemsaidia.”

Nilieleza, nikaeleza tena. Nikampigia daktari amwambie mwenyewe. Mama alimsikiliza kwa heshima, akanirudishia simu, akasema huyo daktari ana sauti ya mtoto.

Kumkataza asilishe kiumbe kilicho nyumbani kwake ni kazi bure. Boma lile hata mtu aliyepotea njia haondoki bila kula. Mwishowe nikamwambia, “Basi umpikie wewe. Lakini makadamia zifungiwe stoo.”

Alikubali upesi, na makadamia kweli hazitoki tena. Nyama anaichambua mafuta yote, malenge anayaponda vizuri kuliko mimi. Tatizo ni chumvi. Anaapa hatii, na anatia. Kwake chakula bila chumvi ni adhabu, na mbwa hajamkosea.

Kwa hiyo kila jioni naonja chakula cha mbwa kabla mbwa mwenyewe hajala. Mama ananitazama usoni, anangoja.

“Imekolea?”

“Imekolea, Mama. Hiyo ndiyo shida.”

Namwaga, naosha sufuria, naanza upya, na mbwa ananiangalia kana kwamba mwenye makosa ni mimi.