Ungo wa Tatu

Usiku ule wa kuamkia siku ya mama kupasuliwa, nililala na simu mkononi. Mimi niko Japani, nasomea ufundi wa mashine. Mama alikuwa Tanga, hospitalini, na uvimbe tumboni ambao daktari alisema haufai kuachwa tena. Sikudhani ningepata usingizi. Niliupata, na heri nisingeupata.

Nikajikuta napita chini ya pazia la buluu la mkahawa wa soba, ule mkongwe ulio karibu na chuo. Aliyeufungua ni babu wa babu yake mwenye mkahawa, na kizingiti chake kimelika kwa nyayo. Soba ni tambi nyembamba za kijivu. Huletwa zimepoa, juu ya ungo mdogo wa mianzi, ukazichovya kwenye mchuzi. Mara ya kwanza nilipokula pale niliziacha kidogo nipige picha, na mzee mwenye mkahawa akanijia amenuna. "Soba haimngoji mtu," akasema. Nikala kwa aibu.

Sasa kwenye meza ya dirishani ameketi Bibi, mama yake mama, tuliyemzika miaka sita iliyopita. Kanga yake ni ile ile.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kaa." Akatazama mezani. "Watu hawa wanakulia ungoni?"

Nilitaka kucheka, ila nikaziona nyungo. Mbili ningezielewa. Wa tatu umewekwa mbele ya kiti kitupu.

"Huu ungo wa nani, Bibi?"

"Tunamngoja mama yako."

Bibi alipokuwa hai hakuwahi kutia tonge kinywani kabla mama hajafika mkekani. Ugali ungepoa, mchuzi ungeganda, yeye angekaa tu, akiita, "Njoo tule, mwanangu." Na mama, hata akiwa na kazi gani, aliitika akaja.

Dirisha lililotazama barabara sasa linatazama ujia mrefu wa hospitali. Nasikia kandambili zikiburuzwa. Ni za mama, mwendo wake naujua. Zinakuja. Pazia la mlangoni linatikisika, na Bibi anafungua kinywa aite.

Bibi huyu huyu ndiye aliyenifunza kwamba ukiota marehemu anakukaribisha chakula, usile, atakuchukua. Ndiye aliyenichapa kwa kuanza kula kabla ya wakubwa. Niliogopa, tena niliogopa sana. Nikachukua vijiti, nikachovya tambi, nikazivuta kinywani kwa kelele kama walavyo wenyeji wa pale.

"We mtoto! Unaanza kabla yangu?"

"Nisamehe, Bibi. Hizi hazimngoji mtu."

Anamtazama mzee mwenye mkahawa, aliyesimama mlango wa jikoni. Mzee anainamisha kichwa: ndivyo ilivyo hapa. Bibi anatazama pazia, kisha tambi zinazoanza kukauka. Hakupenda kuona chakula kikiharibika. Akasema bismillahi, akala kwa mkono, kimya kimya, kisha kwa kelele kunishinda mimi.

Ungo wake ulipokwisha nikamsogezea ule wa tatu.

"Na huu, Bibi. Kula."

Akanitazama mpaka nikainamisha macho. Alijua ninachokifanya.

"Hukuwa mjanja hivi ulipokuwa mdogo," akasema, akauvuta.

Nje, kandambili zimesimama. Alikula mpaka uzi wa mwisho. Mzee akaleta maji ya moto yaliyochemshiwa tambi, maana pale ndiyo yanayofunga mlo. Bibi akayamimina kwenye mchuzi uliobaki, akanywa, akajifuta kwa pindo la kanga.

"Mwambie mama yako tumeshakula. Nimeshiba."

Nikaamka, fulana imelowa jasho. Nilingoja kwetu kupambazuke, huku Japani ikiwa mchana tayari, ndipo nikampigia mama simu. Nikamsimulia yote isipokuwa moja. Mama akacheka, kicheko nilichokuwa sijakisikia tangu augue.

"Mama yangu ashibe bila mimi? Makubwa!"

Nikasikia magurudumu ya kitanda yakisogezwa, na muuguzi akimwita jina. Mama akashusha sauti.

"Na wewe, mwanangu? Wewe hukula, sivyo?"

"Sikula, Mama," nikasema. "Nenda salama."