Kilio Peke Yake Si Kosa

Scovia Adhiambo alikuwa na vitufe vinne na sekunde ishirini.

Ofisi yao ilikuwa ghorofa ya pili mjini Homa Bay, juu ya duka la simiti na mabati. Watu arobaini walikaa kwa safu, hedifoni masikioni, wakisikiliza sauti za wachezaji. Mchezo wenyewe ulikuwa wa kwenye simu: unajenga ngome, unavamia ngome ya mwenzako, na huku mnaongea kwa maiki. Wenye mchezo walikuwa ng'ambo. Iliyoajiri watu wa kusikiliza ilikuwa kampuni ya hapa nyumbani iliyoitwa Mwanga Ziwa, na mheshimiwa mmoja ndiye aliyekata utepe siku ilipofunguliwa, akapigwa picha akiwa amevaa hedifoni kinyume.

Mchezaji akilalamika, au mashine ikishuku jambo, kipande cha sauti kilikatwa sekunde ishirini na kuletwa kwa Scovia. Alijua Kiswahili, Kiingereza, Dholuo na Kikuria cha kutosha kununua ng'ombe. Alisikiliza, kisha akabonyeza kwa kidole gumba. Matusi. Tishio. Mtoto hatarini. Pitisha. Kipande kingine kikaja.

Kazi ilikuwa na kitabu chake cha mwongozo, kurasa sitini na moja, kilichoandikwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga Homa Bay. Ukurasa wa thelathini na nne ulisema kwamba kilio peke yake si kosa. Mtoto akilia bila kutukanwa wala kutishwa ndani ya zile sekunde ishirini, unapitisha. Kilichomliza kabla ya hapo hukukisikia. Kilichofuata pia hukukisikia.

Mwezi wa kwanza Scovia alikuwa akienda kulia chooni. Mwezi wa pili alienda mara moja. Kufikia mwaka wa tatu aliweza kula mandazi kwa mkono wa kushoto huku gumba la kulia likifanya kazi, na jioni ukimwuliza siku ilikuwaje, alisema ilikuwa siku.

Kisha Dishon akasema. Dishon alikaa dawati la pili kutoka kwake kwa mwaka mzima, kijana wa Migori, mcheshi, mpaka siku alipovua hedifoni akaziweka mezani taratibu kama mtu anayeshusha yai, akaondoka. Miezi minne baadaye alionekana kwenye televisheni akieleza walichokuwa wakisikia na jinsi alivyosahau kulala. Nchi ikawaka. Wazazi waliuliza ni nani anayewavizia watoto wao kwenye mchezo, na kwa nini wenye mchezo wanajua na wananyamaza. Vijana walipita mjini na mabango. Yule mheshimiwa aliyekata utepe alisema hakumbuki utepe wowote. Wenye mchezo huko ng'ambo walisema maswali yapelekwe Mwanga Ziwa. Mwanga Ziwa wakampeleka msemaji redioni, mwanamume mwenye sauti laini kama losheni, akasema wafanyakazi wake wana furaha na wanapewa chai.

Mama yake Scovia alikuwa akisikiliza redio hiyo kule nyumbani karibu na Magunga. Alikuwa na tabia ya kujibizana na redio. Mtangazaji akisema mvua itanyesha, yeye alimwuliza kutoka jikoni, "Na jana ulisema nini?" Siku hiyo alimpigia bintiye.

"Adhiambo, kuna mtu hapa anasema mna furaha. Nimemwambia ni muongo."

"Mama, niko kazini."

"Najua uko kazini. Nakuuliza, mna furaha?"

"Mama, nitakupigia."

Hakumpigia. Siku mbili baadaye presha ilimwangusha mama kwenye shamba la karanga. Japheth, kaka yake Scovia, alipopiga simu kusema mama ametuacha, Scovia alikuwa na kipande kilichobakisha sekunde nane. Alikisikiliza hadi mwisho. Akabonyeza Pitisha. Ndipo akasema, "Nimekusikia."

Alimaliza zamu yake. Hilo hakuna aliyemlazimisha.

Tony, kiongozi wa zamu, kijana mpole aliyevaa shati la kampuni hata Jumapili, alimpa pole na karatasi. Karatasi ile walipewa wote juma hilo. Ilikuwa na mstari mmoja: *Nathibitisha kwamba kazi hii haijanidhuru kwa namna yoyote.* Chini yake palikuwa na nafasi ya sahihi.

"Ni kitu ya kawaida tu, Scovia. Sababu ya hizi kelele za watu," Tony alisema. "Rudi nayo Jumatatu ile ingine. Ukisaini, mkataba mpya uko tayari."

Scovia aliikunja mara mbili akaitia kwenye mkoba.

*

Kwao, binti aliyefiwa na mama haingii nyumbani kimya. Kilio chake huanza barabarani, hufika langoni kabla yake, na wanawake walio ndani hutoka mbio kumpokea. Huzunguka boma akimwita mama yake kwa majina yote aliyokuwa nayo. Kwa sauti hiyo majirani hujua mwenye msiba amefika.

Scovia alifika langoni na begi lake. Akafungua lango. Akalifunga nyuma yake, kwa sababu kulikuwa na ndama.

Wanawake waliokuwa wakipeta mahindi waliinua vichwa. Waya Phelesia, shangazi yake, dada ya marehemu baba, alikuwa tayari amesimama na mikono imenyooshwa kumdaka mtu anayekuja akianguka. Mikono ikabaki hewani.

"Scovia."

"Nimefika, waya."

"Naona umefika. Umekuja matanga au umekuja kuhesabu watu kama karani wa sensa?"

"Nimekuja matanga."

"Miguu imekuja. Hayo mengine umeyaacha Homa Bay?"

Mtu alicheka kidogo. Scovia alifungua mdomo. Alijua mahali kilio kinapotoka, alikumbuka kabisa, kama mtu anavyokumbuka njia ya shule aliyosomea. Aliifuata njia hiyo hadi mwisho na hapakuwa na kitu. Alifunga mdomo akaenda kuuliza maji ya kunawa yako wapi.

Kufikia jioni maneno yalikuwa yameenea. Kwamba alikosana na mama yake. Kwamba ameingia dhehebu linalokataza machozi. Kwamba labda anajua jambo kuhusu kifo hicho. Japheth alilisikia hilo la mwisho kwa masikio yake, akamvuta dada yake nyuma ya ghala.

"Ijumaa mwili unatoka mochari. Wewe ndiye binti wa pekee. Utatangulia mbele ya gari kuingia boma. Ukinyamaza tena, hilo neno halitatoka hapa mpaka tufe."

"Najua."

"Basi lia."

"Japheth, nimejaribu."

Alimwangalia. Macho yake mwenyewe yalikuwa mekundu tangu juma lililopita. "Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Japheth akatoa simu. Kuna mwanamke Migori, alisema, anaitwa Mama Marion, watu humwita kwenye matanga alie. Siku hizi hata matajiri wanamwita. Atatembea kando ya Scovia, sauti moja itafunika nyingine, nani atajua?

Mama Marion alifika Alhamisi, mwanamke mnene wa miaka hamsini, buti za mvua miguuni na chupa ya maji ya tangawizi mkononi. Alimkalisha Scovia kwenye gogo kama daktari.

"Nipe mama yako. Alipenda nini?"

"Alipenda redio."

"Kila mtu anapenda redio. Nipe kitu yake."

"Alikuwa anaijibu. Akiambiwa uongo, anajibu."

Mama Marion akatabasamu. "Hiyo nitatumia. Na wewe, mara ya mwisho alikuambia nini?"

Scovia alimwambia. Mama Marion aliacha kutabasamu, akafungua chupa, akanywa kidogo.

"Hiyo siwezi kutumia," alisema. "Hiyo ni yako."

Ijumaa gari la maiti liliingia polepole. Scovia alitangulia, kitambaa kiunoni, Mama Marion ubavuni. Na Mama Marion alijua kazi yake. Aliuliza nani sasa atawajibu waongo, nani atawaambia watangazaji kwamba jana walisema vingine. Aliuliza karanga zitachambuliwa na nani. Wanawake waliitikia, boma zima likalipuka, na mzee mmoja akatoa kofia.

Scovia alisikiliza. Alisikiliza vizuri sana, kwa sababu ndiyo kazi aliyoijua. Sekunde ya kumi na nne Mama Marion alivuta pumzi mahali ambapo mtu mwenye uchungu hawezi kuvuta. Hakuna tusi, hakuna tishio. Gumba lake la kulia likagonga paja. Pitisha. Nyuma yake Waya Phelesia alilia kwa sauti iliyokatika katikati, kilio cha kweli, angekitambua kati ya elfu. Gumba likagonga. Pitisha. Japheth alikuwa ameshika mlango wa gari akilia kama alivyolia akiwa na miaka sita. Likagonga.

Alipogundua, aliushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto na kutembea hivyo hadi mlangoni mwa nyumba. Watu walidhani anaomba.

Wakazika Jumamosi.

*

Jumapili Mama Marion alikuwa amesharudi Migori. Scovia na shangazi walikaa kwenye mkeka wakimenya karanga za mbegu ambazo mama hakuzimaliza.

"Hicho kidole," Waya Phelesia alisema, bila kuinua kichwa. "Kinafanya nini?"

Scovia aliangalia gumba lake. Lilikuwa likigonga ukingo wa ungo.

Alikuwa ameweka sahihi siku alipoajiriwa kwamba hatamweleza mtu yeyote kazi yake. Alimweleza. Alieleza kuhusu vitufe, sekunde ishirini, kitabu cha mwongozo. Alieleza bila sauti kupanda wala kushuka, kama anayesoma bei za mbolea. Alipofika kwenye watoto wanaolia, shangazi aliacha kumenya.

"Nani aliandika kwamba hiyo si kosa?"

"Sijui. Ukurasa wa thelathini na nne."

"Nimeuliza nani. Sijauliza ukurasa."

"Hakuna jina, waya."

"Na hao watoto, walinyamazishwa na nani?"

"Kipande huisha. Sekunde ishirini, halafu kingine."

"Kwa hivyo miaka mitatu unasikia watoto wakilia," shangazi alisema polepole, "na hujawahi kusikia hata mmoja akinyamaza."

Scovia alifikiria. "Sijawahi."

Waya Phelesia alirudia karanga zake. Aliimenya moja, akaiangalia, akaitupia kuku.

"Mimi bado nimekukasirikia," alisema. "Umeniacha na mikono hewani mbele ya watu."

"Najua, waya."

"Na yule mtu wako wa Migori anavaa buti za mvua kiangazi. Ulidhani sitaona kwamba amelipwa?" Kisha, akichukua karanga nyingine, "Mama yako aliniambia huyo mtu wa redio ni muongo. Nikamwambia wewe unagombana na kila mtu. Nikacheka."

Scovia alingoja kuona kama hilo litafungua kitu. Halikufungua.

*

Jumatatu saa mbili asubuhi alipanda ngazi juu ya duka la simiti. Wenzake walikuwa wamepanga foleni mbele ya dawati la Tony, kila mmoja na karatasi yake, hakuna aliyemtazama mwenzake. Si wa kulaumiwa. Wana watoto, na aliyeandika mstari ule alilijua hilo vizuri kuliko alivyojua jambo lingine lolote kuwahusu.

Zamu yake ilipofika, Scovia aliikunjua karatasi, akaomba kalamu, akaandika juu ya nafasi ya sahihi, kwa mwandiko wa shule: *Mama yangu amekufa na sikuweza kumlilia. Kutolia nilijifunzia hapa.* Akaweka sahihi chini yake, na tarehe.

Tony alisoma mara mbili.

"Scovia, hapa ni sahihi tu."

"Nimeweka."

"Hii siwezi kupeleka juu."

"Basi iweke hapo."

"Unajua maana yake?" Alishusha sauti. "Mkataba hautakuwepo. Na wewe ulikuwa mzuri. Ulikuwa mwepesi kuliko wote."

"Najua," alisema Scovia.

Aliacha hedifoni na kadi ya mlango. Hakuzishusha kama yai, aliziweka tu. Akashuka.

Nje jua lilikuwa kali. Alingoja kuona kama atajuta, au kufurahi, au kuogopa. Aliona njaa kidogo. Akatembea kuelekea soko la samaki akifikiria mandazi.

Kando ya kibanda kimoja, kwenye ndoo iliyopinduliwa, alikaa mtoto wa miaka mitatu hivi akilia. Hakuwa na jeraha. Hakuna aliyemtukana. Alikuwa akilia tu, kamasi hadi kidevuni. Gumba la Scovia likaenda pajani.

Alisimama.

Sekunde ishirini zikapita, alizijua bila saa. Mtoto akaendelea. Mwenye kibanda, mwanamke aliyekuwa akiparua magamba ya samaki, akainua kisu.

"Wewe, una shida gani na mtoto wangu?"

"Hakuna. Nasikiliza."

"Unasikiliza nini? Anataka kucheza na kisu, nimemnyima."

"Ni sawa."

"Haya, sikiliza basi, mimi nimeshachoka," mwanamke akasema, akarudia samaki wake.

Scovia aliweka mkoba chini, akakaa kando ya ndoo. Mtoto alimtazama, akazidisha. Kilio kilipanda, kikapasuka, kikawa kwikwi, kwikwi zikaanza kuachana. Ilichukua dakika kumi hivi. Wateja waliruka miguu yake wakipita. Naye akakaa pale, mikono yote miwili magotini, hadi mtoto aliponyamaza.