Samahani, Mkwe

Wanasema mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza mgongo wa ng'ombe, na baba yangu pia.

Tangu utoto naigiza watu: mwinjilisti anavyokohoa kabla ya kuomba, mama anavyosusa chakula halafu anakifuata jikoni. Watu wakicheka hadi machozi, kichwa hunivimba. Sasa ni mwalimu huku Nyalikungu, Maswa, mama wa watoto wawili, na bado sijakoma.

Baba hulima kwa ng'ombe kule Kasoli, pamba na mahindi. Maksai wake wa kulia alitoka kwenye mahari ya dada yangu mkubwa, ndiyo maana baba akamwita Mkwe. Na mkwe, kwetu, hasemeshwi ovyo. Baba alikuwa akilima anaongea naye kutoka mwanzo wa shamba hadi mwisho, kwa sauti ya chini, ya adabu, akianza na salamu ya asubuhi ya Kisukuma: "Mwangaluka, mkwe. Tumefika mpakani. Samahani, naomba tugeuke." Na Mkwe anageuka. Fimbo ilikuwa ya kulala begani tu.

Kwenye sendofu ya mdogo wangu, ukumbini Bariadi, MC akanipa maiki nichangamshe watu. Nikajifunga kitenge kiunoni, nikashika kiti ndiyo plau, nikapinda mgongo, nikauburuta mguu wa kushoto kama baba. "Samahani, mkwe..." Lo! Ukumbi ulilipuka. Wakwe wenyewe, waliomtoa yule ng'ombe, walipiga meza. Nilimtazama baba, naye alikuwa anacheka, mkono mdomoni. Nikaongeza chumvi. Nikamfanya amwombe ng'ombe ruhusa ya kupiga chafya. Alipoacha kucheka niliona. Niliona kabisa, na sikunyamaza, kwa sababu meza za nyuma zilikuwa bado zinadai.

Kuna mtu alirekodi. Hata wiki haikuisha, watu wa Kasoli wakawa wanamwamkia baba njiani, "Samahani, mkwe!"

Likizo ya Desemba nikaenda nyumbani. Nilimpigia baba goti pale pale shambani, akaitikia salamu yangu vizuri tu, kisha akaendelea kulima. Kimya. Kimya kabisa! Walipofika mpakani Mkwe akasimama, akisubiri kuambiwa. Baba akampiga. Mgongoni mwa yule maksai kulikuwa na alama mbichi juu ya alama zilizokauka.

"Baba, mbona siku hizi huongei naye?"

Alifuta jasho kwanza. "Nikifungua mdomo, mwanangu, naisikia sauti yako."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angenitukana! Mtu ukimwambia anavyotembea, hatua inayofuata anajikwaa. Hilo nalijua vizuri, ndilo ninalochekeshea watu. Sikuwahi kujiuliza huyo mtu anafikaje nyumbani. Baba alikuwa haangalii anavyoongea, ndiyo maana aliweza kuongea. Mimi nikamtwisha macho ya ukumbi mzima, na sasa anatembea nayo hata akiwa shambani peke yake na ng'ombe wake.

Walipofika mpakani tena, Mkwe akasimama. Baba akainua fimbo. Kabla sijawaza lolote, sauti ikanitoka, ile ile yake, ya chini, ya adabu: "Samahani, mkwe. Naomba tugeuke."

Mkwe akageuka. Hakuna aliyecheka. Baba alishusha fimbo, akanitazama kidogo, akasema, "Haya, tangulia wewe." Basi nikatembea mbele ya ng'ombe hadi jua la saa sita, mimi nikiongea, baba nyuma ameshika plau.

Siku ile nilimwomba ng'ombe samahani kila tulipofika mpakani, kwa sauti ya baba. Baba mwenyewe, kwa sauti yangu, sijamwomba mpaka leo.