Pipa la Vifuu Uani

Eda yangu niliikalia dirishani. Mume wangu alipofariki, niliwekwa chumba cha nyuma nyumbani kwa mama mkwe, huku Mtongwe, miezi minne na siku kumi kama dini inavyotaka. Dini haikunikasirisha. Kilichonikasirisha ni sheria ya ziada ya mama mkwe, kwamba hata uani nisitoke, kwa kuwa ua wetu ni wa makuti yaliyotoboka na wapita njia wangeniona.

Na pipa langu lilikuwa uani.

Mimi kazi yangu ni makaa, ila si ya kupikia. Naokota vifuu vya nazi, kokwa za maembe na maganda ya muhogo yanayotupwa majikoni, nachoma vyote ndani ya pipa lisiloingia hewa, kisha naponda na kuosha makaa yake ya kuchujia maji. Kisima cha madrasa ya jirani kina maji yanayonuka yai viza. Yakipita kwenye makaa yangu, harufu inakwisha. Lakini makaa huchoka, sharti yabadilishwe, na mwalimu alikuwa ameshaniletea ujumbe mara mbili: watoto wanarudisha vikombe bila kunywa. Nilimwahidi Jumamosi.

Vifuu havikuwa shida. Nyumba ya matanga haiachi kukuna nazi, na kila aliyekuja kunipa pole alikula wali akaniachia vifuu. Shida ilikuwa mikono. Wifi yangu, dada wa marehemu, akakubali kunisaidia.

"Moshi una rangi gani?" nilimuuliza kupitia nondo za dirisha.

"Mweupe, wifi."

"Huo ni maji tu. Ngoja."

Akangoja, maskini, huku machozi yakimtiririka. Moshi ulipokonda na kuwa wa buluu, nikamwambia afunike, azibe ukingo kwa udongo, lisiguswe mpaka asubuhi. Alifanya vizuri kuliko nilivyotarajia. Nikafurahi, mara ya kwanza tangu mazishi, kisha nikaona haya kwa kufurahi.

Ilikuwa Alhamisi. Alhamisi jioni kwetu hufukizwa ubani wa marehemu, na ubani unataka kaa la moto, na jikoni siku hizi ni gesi. Kabla ya Magharibi nikamwona mama mkwe akishuka uani na chetezo na koleo. Akagonga udongo ukabanduka, akainua kifuniko, akachagua makaa matatu mekundu, akakirudisha kifuniko upogoupogo na kuja zake.

"Mama! Pipa!" nilipiga kelele. Hakugeuka. Nikampigia simu wifi, aliyekuwa ametumwa dukani; simu yake ikalia jikoni. Basi nikakimbilia mlango wa uani. Mama mkwe alikuwa keshaketi kizingitini, chetezo pembeni yake.

"Wapi, mwanangu?"

"Pipa limeingia hewa, mama. Yote yatakuwa majivu. Kama sitoki mimi, lizibe wewe, tafadhali."

"Mimi nishatia udhu, sishiki masizi. Atakuja wifiyo."

"Atakuja yamekwisha."

"Toka basi," akasema taratibu, wala hakusogea. "Toka, waseme mjane wa mwanangu hakungoja hata kaburi likauke."

Ningeweza kumruka. Mguu mmoja tu. Wallahi nilimchukia saa ile, nami nikajichukia zaidi, kwa sababu nilirudi chumbani. Wanasema asiyekuwapo na lake halipo. Mimi nilikuwapo, na langu likateketea mbele ya macho yangu. Kifuniko kilianza kuwa chekundu pembeni. Vifuu vya wiki tatu. Jumamosi watoto wangekunywa maji yale yale, na mwalimu angesema nimemdanganya.

Baada ya Magharibi mama mkwe akapita na chetezo chumba hadi chumba. Kwangu aliishia mlangoni, maana mwenye eda hafukizwi, lakini moshi wa ubani ukanifikia hivyo hivyo.

"Mashallah, makaa yako ni mema," akasema, na alisema kwa moyo safi kabisa. "Yashika moto vizuri. Alhamisi ijayo mwambie wifiyo achome tena."

"Inshallah, mama," nikamjibu.