Mivule Aliyoonyeshwa Mgeni

Sijui kama naukumbuka msitu ule ulivyokuwa, au nakumbuka nilivyouandika. Nilisoma madarasa machache tu, na tabia ya kuandika mambo ya siku niliianza nikiwa kibarua wa reli huko Changamwe, bila ya kutumwa na mtu. Katika karatasi zile nimeandika kwamba ndani ya msitu mlikuwa na baridi kama ya kisimani. Pengine nilitia chumvi. Lakini jasho la njiani lilikauka mara tu ukipita miti ya kwanza, hilo nina hakika nalo.

Ulikuwa msitu wa kaya, nyuma ya Likoni, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kuelekea kusini. Wazee wa zamani waliishi humo, kisha wakahama, nao ukabaki wa kuombea na kutunzwa. Mtunzaji wa njia alikuwa mjomba wangu, ndugu wa mama. Wakati wa vita, askari waliopewa ruhusa ya kutoka kambini walivuka Likoni wakiuliza wapi pa kuona wanyama, na watu waliwaelekeza kwake. Aliwavua viatu ukingoni, akawafunga kaniki, ile shuka nyeusi, kiunoni kama ilivyo desturi ya kuingia kaya, kisha akawapitisha polepole. Aliwaonyesha mbega, weusi, na manyoya meupe mabegani kama wazee waliojitupia shuka. Aliwaonyesha hondohondo wakipita juu, mbawa zao zikivuma hata mtu akainama. Palikuwa na paa wadogo wa kimo cha mbuzi mchanga, na vipepeo waliojaa kwenye tope hata tope likawa linapumua. Askari walitazama, wakashukuru, wakaenda zao. Hakuna aliyevunja hata kijiti.

Katikati ya msitu ilisimama mivule mikubwa, na chini yake ilitoka chemchemi. Maji yake yaliteremka hadi bondeni, kwenye mpunga wa mkewe, mkaza mjomba wangu. Mwaka ninaousimulia mvua ilikosa. Mahindi yalikuwa ya kupimiwa dukani, yana fukusi, na kule upande wa Likoni wote niliopita sikuona kijani isipokuwa bonde lile. Nyumba ile na jirani zake walilitazamia kama mtu anavyotazamia mkono wa mwanawe.

Ndipo siku moja, nikiwa nimewatembelea, askari wa mudir, mkuu wa serikali pale, alipokuja na habari kwamba bwana wa misitu atafika.

"Aja kutazama nini?" akauliza mkaza mjomba.

"Msitu."

"Msitu una majani, una kima, una siafu. Yeye ataka kipi?"

Askari akacheka. "Mama, mimi nimetumwa maneno, sikutumwa maelezo."

Alipoondoka, mkaza mjomba akamgeukia mumewe. "Mpitishe upande wa miiba. Akwaruzike, aumwe na siafu, arudi kwao. Mivule ya chemchemi asiifikie."

"Mgeni nimpitishe jalalani? Mimi?"

"Ewe bwana, wewe mtu akikuvulia kofia tu, moyo wako huyeyuka kama samli juani."

"Mtu akiona kizuri hukionea huruma. Wale askari hawakuona?"

"Wale walikuja kutembea. Huyu ametumwa."

Wote wawili walikuwa na haki, ndivyo nilivyoona wakati ule, na hata leo sijui ningeamua vipi. Mwisho walipatana. Mgeni aonyeshwe mbega na miti ya mwanzoni, kisha arudishwe. Chemchemi asifikishwe.

Bwana alikuja na karani wake, mtu wa Kisauni, ili amfasirie. Nasema kweli, hakuwa mtu wa kiburi. Alivua viatu mwenyewe, akasimama kama anayepimwa nguo na fundi, mjomba akamfunga kaniki. Karani ndiye aliyekataa.

"Mimi nina sala zangu, mzee. Kaniki sivai."

"Basi kaa hapa uvilinde viatu vya bwana wako," mkaza mjomba akamwambia, "visije vikakimbia."

Karani akaketi kivulini, ameridhika. Kwa hiyo tuliingia watatu: mjomba mbele, bwana katikati, mimi nyuma na madafu. Kiswahili cha bwana kilikuwa "nzuri" na "nzuri sana", na cha kuhimiza wapagazi.

Mbega walikuwapo, tena karibu. Mmoja alikuwa na mtoto mweupe kifuani. Bwana alisimama chini yao muda mrefu, shingo imepinda, anatabasamu, na furaha ile haikuwa ya kuigiza. Mjomba aliniangalia kwa jicho la kusema, si nilisema?

Mbele kidogo palikuwa na mvule mmoja ukingoni mwa njia, mdogo kuliko ile ya ndani. Lazima nieleze desturi. Mtu mwenye shida kubwa, aliye na mgonjwa au aliye tasa, huja na kitambaa, akauzungushia mti na kuufunga, akasema haja yake. Mti ule ulikuwa na vitambaa vya miaka, vingine vimeoza. Bwana akavitazama. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa kikasha cha ngozi, na kutoka ndani yake akavuta utepe mrefu mweupe wenye alama nyeusi. Akampa mjomba ncha aishike. Yeye akauzunguka mti na utepe wake taratibu, akiinama kupisha vitambaa vya watu, asivitoe hata kimoja.

Mjomba alishika ile ncha kwa mikono miwili. Midomo yake ilikuwa ikicheza, alikuwa akimwombea.

Bwana alipoukunja utepe, mjomba akaninong'oneza, "Umemwona? Wallahi hakufundishwa na mtu."

"Mbona auondoa?"

"Pengine hana mwingine. Mungu ameshauona." Akamtazama mgeni kwa huruma. "Ana shida kubwa huyu. Mti mmoja haumtoshi."

Akamshika mkono, akampeleka kwenye chemchemi.

Kila mvule mjomba alishika ncha, na kila mara aliomba. Maji yalikuwa yakitoka baina ya mizizi, meusi kwa kivuli, safi. Bwana alikunywa kwa kiganja. "Nzuri sana," akasema.

Tulipotoka, karani alisimama akajifuta mchanga. Mjomba akamwambia, uso wake umekunjuka, "Muulize bwana wako ana haja gani, ili wazee nao wamwombee."

Karani akauliza. Bwana akajibu maneno mengi, mkono wake ukionyesha msituni.

"Asema haja yake ni mbao. Za gati na za kambi. Asema hajapata kuona mivule iliyonyooka namna hii, na akushukuru sana kwa kumshikia futi ya kupimia."

Mkaza mjomba alikuwa na kipepeo cha kupepea moto mkononi. "Umemshikia?" akasema. Hakupaza sauti.

Mjomba akaanza kueleza habari za chemchemi na mpunga, haraka haraka, na karani akafasiri vizuri; sikuona amepunguza neno. Bwana alisikiliza. Alisema ataandika kwamba mivule iliyo karibu na maji iachwe. Naamini aliandika. Msimamizi wa wapasuaji mbao alipokuja, alisema karatasi yake haina maneno hayo, naye sina sababu ya kumwita mwongo. Wale wapasuaji wenyewe walikuwa watu wa bara, wembamba kama sisi, na misumeno yao mirefu, mmoja juu mmoja shimoni. Siku moja niliwakuta wamekaa na ugali usio na kitoweo, wakanikaribisha.

Mivule iliangushwa yote. Mbega walihamia kwenye miti midogo, wakaketi jua likiwapiga, kisha wakateremkia mashambani, na watu wale wale waliokuwa wakielekeza wageni waende kuwaona wakawapiga kwa magongo. Hondohondo sikuwasikia tena. Chemchemi ilipata tope, ikapungua, ikawa unyevu. Visima vya Likoni navyo vilikauka mwaka ule, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ni mivule. Mjomba aliapa. Kila asubuhi alishuka baina ya visiki na jembe, akachimba, akarudi matope hadi kifuani, mikono mitupu.

Mara ya mwisho nilipokwenda, mpunga bondeni ulikuwa umesimama mkavu, ukigusa unavunjika. Mkaza mjomba alishusha kapu la darini lililokuwa na mpunga wa mbegu. Akautwanga.

"Hiyo ni mbegu," mjomba akasema.

"Ya kupanda wapi?"

Aliupika, akapakua sinia moja, akaita jirani na watoto wao. Mjomba alikaa kando, amegeuza uso. Mkewe akamfinyangia tonge, akamtia mkononi, akamfunga vidole.

"Kula, bwana," akamwambia. "Kesho nakwenda Likoni kutwangia watu."