Gari Lililofiwa

Wiki moja baada ya kumzika mume wangu, shemeji yangu aliingia kwenye pikapu ya marehemu, pikapu ya dizeli, akitaka kurudisha viti tulivyoazima kwa ajili ya msiba. Aligeuza ufunguo. Stata ikapiga vizuri, injini ikazunguka, lakini haikushika. Akarudia mpaka betri ikaanza kulegea. Akatoka, akafunga mlango taratibu kama mtu anayetoka kwenye chumba cha mgonjwa.

"Gari imegoma," alisema.

Mama mkwe wangu, aliyekuwa amekaa kibarazani, alimsahihisha. "Haijagoma. Imefiwa."

Neno hilo likaenea kijijini kwetu, Kasokola. Majirani waliokuja kutupa pole walikuwa wanapita kwanza kwenye gari, wanagusa boneti, wanatikisa kichwa. Mama mmoja wa jumuiya yetu alinyunyizia maji ya baraka tairi zote nne. Sitaficha kwamba nami niliamini kidogo. Wiki zile niliamini vitu vingi.

Gari lingeweza kukaa hapo hapo uani, lakini siku ya arobaini ilikuwa inakaribia. Kaburi liko Kasekese, kwao alikozaliwa, na msalaba wa zege ulikuwa umeshakauka kwa fundi. Tulipanga kwenda kuuweka Jumamosi. Magoti ya mama mkwe hayakubali bodaboda, na tulipomwambia tutamtafutia gari la mtu, alikataa palepale.

"Nitakwenda na gari ya mwanangu, ile iliyoombewa. La sivyo niacheni hapa, msalaba nitausikia kwenye simu."

Hili la kuombewa lilitoka kwangu. Miaka yake ya mwisho, mume wangu hakuwahi kuliwasha gari lile bila kuinama. Alikuwa anainamisha kichwa mpaka paji la uso linakaribia usukani, anakaa hivyo kidogo, ndipo anageuza ufunguo. Niliwahi kumuuliza mara moja tu. Akanijibu, "Safari inataka utulivu." Nikajua anasali. Niliwasimulia wenzangu wa jumuiya, na wasifu wa marehemu ulipoandikwa nikasema hilo lisikosekane. Shemeji ndiye aliyeusoma mbele ya jeneza: marehemu hakuwahi kuwasha gari bila kuinama mbele za Mungu wake. Watu waliguna kwa kusifu. Padre naye aliitikia kwa kichwa.

Alhamisi asubuhi shemeji alimleta fundi kutoka mjini Mpanda. Huyu ni fundi wa magari ya dizeli, mtoto wa wale waliohamia huku na ng'ombe zao kutoka kaskazini, nasi ni wakulima wa mpunga. Kama makabila yetu ni watani kweli, sijui. Yeye na mume wangu walijifanya watani, na utani wao haukuwa na likizo. Siku ya maziko alivaa kofia ya marehemu, akatembea mwendo wake, akawa anatugombeza kwa sauti yake. Tulicheka huku machozi yanatoka.

"Mke wangu," alinisalimia, "mtani wangu kaniachia wajane wawili, wewe na hii gari. Nianze na yupi?"

"Anza na asiyejua kupika."

Akacheka, akafungua boneti. Akamwambia shemeji apige stata, yeye mwenyewe akaenda kuchuchumaa nyuma, kwenye bomba la moshi. Injini ilizunguka bila kushika, kama kawaida. Fundi akarudi akijifuta mikono.

"Gari ya dizeli ikizunguka na mafuta yanafika, hata isipowaka itakohoa moshi mweupe. Hii haikohoi. Haina msiba hii, ina njaa."

"Mafuta yamo," shemeji alisema. "Nilipima kwa kijiti."

"Yamo kwenye tenki. Hata ugali umo kwenye sufuria, wewe umeshiba?"

Alilegeza nati ya kibomba cha chuma kinachopeleka dizeli kwenye nozeli za injini, shemeji akapiga tena stata. Pakavu. Akaenda kwenye filta inayochuja mafuta, akapampu kwa mkono. Hapo dizeli ilitoka vizuri, bila mapovu. Akaikinga kwenye chupa, akaiinua kwenye mwanga kuangalia kama imeingia maji.

"Safi. Mshukuruni yule mama aliyenyunyizia tairi. Angenyunyizia tenki tungekuwa na kesi nyingine."

Mama mkwe alijifanya hakusikia.

Nilimuuliza fundi amegundua nini, akanionyesha kwa kidole chenye grisi. Dizeli inafika mpaka kwenye pampu, ila pampu haiipitishi. Juu ya pampu kuna kidude kidogo chenye waya mmoja. Umeme ukifika, kinafungua njia ya mafuta. Umeme ukikatika, kinafunga, na ndiyo maana ukizima ufunguo injini inanyamaza. Akachukua kitaa chake cha kupimia, akagusa ule waya, shemeji akafungua ufunguo. Kitaa hakikuwaka.

Akatoa waya mwingine mfukoni, akaunga kutoka kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye kile kidude. Tik.

"Imeitika!" mama mkwe alisema.

"Piga stata," fundi akamwambia shemeji.

Injini ilizunguka mara mbili, mara tatu, ikashtuka, ikashika. Moshi ukajaa uani, kuku wakakimbilia kwa jirani. Mama mkwe alipiga makofi, akaanzisha wimbo wa kanisani peke yake, akajikokota ndani kuchagua kitenge cha safari. Hakuona fundi alipouchomoa ule waya na gari likazimika.

"Unaizima ya nini sasa?" shemeji alilalamika.

"Nyie mnataka kwenda Kasekese na waya unaning'inia kama utumbo? Lazima nijue umeme unakatikia wapi."

Akaufuata waya kwa vidole kutoka kwenye pampu. Ukapenya kwenye tundu na kuingia ndani ya gari, ukapita chini ya dashibodi, ukajificha chini ya kapeti. Alilala kifudifudi, miguu nje, akiguna kwa kazi. Kisha akatulia. Nikaona mabega yanatikisika.

"Mke wangu, njoo uone kanisa."

Niliinama. Chini ya kiti cha dereva, upande wa mbele, kulikuwa na swichi nyeupe ya taa, hizi za ukutani, imefungwa kwa skrubu mbili. Niliitambua. Tangu ipotee, stoo yetu haina swichi mpaka leo, na fundi wa umeme wa watu nilimwita mwizi mbele ya mke wake. Nitamwendea nimwombe radhi.

Fundi alikaa kwenye kiti akatuonyesha. Mtu aliyekaa pale hawezi kuifikia swichi ile mpaka ainame kabisa, kichwa kwenye usukani. Akainama, akafumba macho, akafanya ishara ya msalaba. Tik. "Safari inataka utulivu," nilimwambia, maana nilishindwa kunyamaza, na yeye akaanguka nje ya gari kwa kucheka. Nilicheka mpaka nikashika mlango.

Shemeji hakucheka. Alikuwa anahesabu kwa vidole.

"Siku ya mpunga. Siku ya harusi. Siku ya mabati. Kaka ananipa ufunguo, ananitakia safari njema, mimi nazungusha mpaka mkono unauma!"

"Sasa alikunyima nini?" fundi alimuuliza. "Ufunguo si ulipewa?"

"Alinicheza!"

"Kwani wewe, zamani ulipokuwa unaiazima na inawaka, hata mara moja uliwahi kuirudisha na mafuta?"

 Hapo shemeji naye akacheka, kicheko cha mtu aliyekamatwa.

Tulipotulia, shemeji alitazama mlango wa nyumba. "Mama asijue. Akijua haikuwa sala, hapandi, na Jumamosi tutaweka msalaba bila yeye."

"Kweli," fundi alisema. "Mwambieni Jumapili. Ukweli hauozi kwa siku tatu."

Walikuwa wananiepushia aibu pia, najua. Lakini maneno yale niliyatoa mimi, yakasomwa mbele ya jeneza. Nisingeweza kukaa na mama mkwe bega kwa bega mpaka Kasekese nikimsikiliza anamshukuru Mungu kwa ajili ya swichi. Niliingia chumbani nikamwambia kwa kifupi, kama mtu anayekiri kuvunja chungu.

Aliendelea kukunja kitenge. Akakikunjua, akakikunja upya.

"Ile habari ya kuinama, nani aliiweka kwenye wasifu?"

"Mimi, mama."

"Nilishangaa. Mtoto yule alikuwa anasinzia kwenye rozari mpaka anaanguka kwenye mkeka. Nikasema, labda mke kambadilisha." Akaniinulia macho. "Kumbe hukumbadilisha."

"Sikumbadilisha, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akaguna. Mdomo wake ulikuwa unapigana na tabasamu. "Basi hiyo Jumamosi nipelekeni. Nina maneno naye."

Tuliondoka asubuhi, msalaba ukiwa umelazwa nyuma juu ya magunia ya pumba za mpunga. Fundi alikuwa ametuonya kwamba betri imechoka na stata zote zile, tusizime popote tusipokuwa na watu wa kusukuma. Shemeji alilishika onyo hilo kama amri. Njiani, pale Kabungu, tulisimama kununua maji, hakuzima. Kasekese alileta gari mpaka karibu na kaburi, akakanyaga breki, hakuzima. Katekista wa pale alimpungia mkono mara mbili azime, kisha akakata tamaa, akasalisha kwa sauti ya mnadani.

Msalaba uliposimama, mama mkwe alisema tumwachie nafasi. Nilirudi nyuma hatua chache nikamwangalia. Alilinyooshea kaburi kidole, akakitikisa kwa muda mrefu, kama anavyogombezwa mtoto aliyechelewa kurudi. Baadaye kidole kikashuka, akaweka kiganja kwenye zege na kukiacha pale. Midomo yake ilikuwa bado inasema. Sikusikia hata neno moja, maana dizeli ilikuwa inaunguruma, na hakuna aliyethubutu kuizima.