Kwaya ya baba isiyo na maneno

Sijamwambia mtu: ile CD niliyosema nyumbani ni ya kwaya, si ya kwaya.

Ni mkusanyiko wa jazi taratibu za mapenzi. Nimeinunua kwa mama mmoja anayeleta bidhaa kutoka Malawi.

Leo tumegeuza kakao juani tangu asubuhi, nimechoka hadi mdomo. Nikaiweka ile CD kwenye redio.

Mama akauliza, "Kwaya gani hii haina maneno?"

Nikaongeza sauti. (Mnanijua.)

Kusema kweli nyimbo nyingi zinafanana, kinanda kile kile. Nilishaanza kujuta.

Ukaja mmoja wa tarumbeta. Baba akaacha kugeuza kakao.

Mama alipoingia jikoni, baba akaninong'oneza, "Huu niliucheza na msichana mmoja Zambia, nilipokuwa migodini. Kabla ya mama yako. Nilitaka kumuoa."

Sikujua nitazame wapi.

Mama akatoka. "Baba Neema, mbona umesimama? Kwani unaijua hiyo kwaya?"

"Naijua," akasema. "Rudia, mwanangu. Ndaga, asante sana."

Nikarudia. Sasa mama naye anaupenda, anauimba puani huku akipika.

Je, CD hii inafaa kununuliwa? Kwa wimbo mmoja tu, na umenichosha kuliko kakao.

Mkikutana na mama yangu sokoni, ni kwaya. Tafadhali.